Maji ya Tetere

Mimi na ndege hatukuwahi kupatana. Nashona kanzu nyumbani kwetu Magogoni, na mtu anayeanika nguo nyeupe karibu na mwarobaini uliojaa tetere hana haja ya kutafutiwa adui mwingine. Mara ngapi nimeifua kanzu ya mtu ya Ijumaa, nikaitia buluu, nikaianika, na nilipoitoa kambani nikakuta doa la kijivu begani. Nilikuwa nikipiga kelele mpaka mtaa wa pili wanisikie. Niliahidi manati, niliahidi sumu, niliahidi kuukata mti kwenye shina. Majirani walicheka tu, maana walinijua kwa maneno yangu. Hakuna aliyeniamini mpaka ndege walipoanza kufa, na hapo wote waliniamini kwa pamoja.

Aliyekuwa akiwaleta ndege uani ni mama yangu, kwa karai la kaka yangu. Kaka alikuwa fundi wa kujenga. Alipofariki, kwa maradhi ya figo yaliyomla polepole, vyombo vyake vya kazi viligawiwa mafundi wenzake: mwiko, timazi, pimamaji, msumeno. Mama alibakisha kimoja tu, karai la kubebea zege. Alilisugua kwa mchanga na jivu mpaka saruji yote ikabanduka, akaliweka juu ya matofali chini ya mwarobaini, akalijaza maji, akanuia. Ilikuwa sadaka ya maji kwa viumbe, thawabu zake zimfikie mwanawe. Kando yake alimwaga ukufi wa mtama kila asubuhi, na tetere hawakuhitaji kualikwa mara ya pili.

Kwa mama jambo hili halikuwa fumbo. Ndege akinywa, mwanawe amepoa huko aliko. Alikaa barazani na tasbihi yake, akiwatazama wakiinamisha vichwa majini, na uso wake ukilegea kwa namna ambayo sisi tuliobaki hatukuweza kuulegeza. Mimi nilimpikia, nilimnunulia dawa ya presha, niligombana naye kuhusu chumvi. Lakini mazungumzo yake mazuri yote yalikuwa na karai. Niliyasikia nikiwa kwenye cherehani, na ndiyo maana, pamoja na kelele zangu zote, sikuwahi kurusha hata jiwe moja kwenye mti ule.

Sasa nieleze habari ya maji, kwa sababu bila ya hiyo mtu wa mbali hatatuelewa. Maji kwetu hutoka mferejini kwa bahati. Siku nyingi tunayanunua kwa mitungi, mwenye mkokoteni akipita, na aliyelelewa hivyo hajui kumwaga maji. Maji ya kuoshea mchele huoshea vyombo, ya vyombo huenda chooni. Basi maji ya karai hayakumwagwa hata siku moja. Yakipungua, mama aliongeza. Tena haya yalikuwa maji ya sadaka, na kuyamwaga chini, kwake yeye, kulikuwa sawa na kumpokonya maskini kikombe mkononi. Majani yakianguka ndani aliyaokota moja moja kwa vidole, akaona yamesafika.

Tetere wa kwanza nilimwona asubuhi moja wakati wa joto la kaskazi. Alikuwa amekaa chini ya kamba ya nguo, amejifutua manyoya kama mgonjwa wa homa aliyejifunika blanketi mchana, na hakuruka nilipompitia karibu. Mdomo wake ulilowa ute. Aliokota punje ya mtama, akaigeuza mdomoni, akainyoosha shingo, na punje ikarudi nje. Akaiokota tena. Nilisimama pale na kanzu ya mtu mkononi, nikasahau kilichonitoa ndani. Adhuhuri ilipofika alikuwa amekufa, na mimi nilidhani ni uzee.

Baada yake walikuja wengine. Tuliwaokota chini ya mti, nyuma ya tangi, kwenye ngazi ya jirani. Kisha wakaanza kufa njiwa wa jirani yetu wa ukuta wa nyuma. Huyu ni mtu wa Kaloleni, anafanya kazi katika matimbo ya mawe kule Mwakirunge, Mkristo mpole wa maneno machache, na njiwa wake aliwafuga kwenye makasha ya mbao juu ya paa la choo. Na wao walizoea kushuka kwetu kunywa. Alikuja mlangoni na njiwa wake mweupe aliyekufa, amemlaza viganjani, akamwamkia mama shikamoo, akaniambia mimi kwamba hana ugomvi na mtu, ila kama kuna dawa ya panya iliyomwagwa mahali, angeomba aambiwe ili awafungie waliobaki. Alisema kwa adabu, akitazama chini. Ningependa zaidi angenitukana.

Nilipika maneno makali ya kumjibu na sikuyapakua, kwa sababu mama alikuwa barazani amesikia yote. Jirani alipoondoka, mama aliniita kwa sauti ndogo. Mama ni mtu wa Kimvita cha zamani, maji kwake ni mai, macho ni mato na kunywa ni kunwa, na akizungumza taratibu hivyo ujue jambo ni zito.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Hukutia kitu wewe?"

Nilikuwa na sindano mdomoni. Nikaitoa, nikaichoma kwenye kitambaa, nikaingia ndani. Iliniuma, na bado inaniuma ninapoandika. Si jirani aliyenichoma, ni yeye, aliyenizaa, ambaye anajua kwamba hata kuku wa Idi mimi humpa mwingine amchinje. Nililia kidogo, halafu hasira ikanishika, na hasira yangu ni ya kufanya kazi. Nikaapa kwamba nitajua kinachowaua ndege hawa hata kama itanibidi nikae nao mtini.

Kesho yake nilimtia tetere aliyekufa ndani ya mkebe wa samli, nikafunga kifuniko, nikapanda tuktuk hadi duka moja la dawa za mifugo upande wa Mtopanga. Daktari wa pale alikuwa msichana wa bara, wa umri wa binti yangu lau ningekuwa naye. Nilitarajia anicheke, mtu mzima na ndege wa mwituni ndani ya mkebe. Hakucheka. Alivaa glavu, akamlaza tetere kwenye gazeti, akamfungua mdomo kwa kijiti na kunimulikia kwa simu. Ndani ya koo kulikuwa na uvimbe wa manjano, mkavu, kama ukoko wa uji uliogandia sufuriani. Ulikuwa umeziba njia yote.

"Huyu hakulishwa sumu," alisema. "Huyu amekufa njaa."

Nilitaka kumkumbatia. Nilimwomba arudie, akarudia, na nikamwuliza kama anaweza kumpigia mama simu amwambie hivyo hivyo. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kuuliza mambo mengine. Ndege hawa wanakunywa wapi. Wanakunywa na nani. Nikamweleza kuhusu karai, kwa fahari kidogo, nikamwambia ni sadaka ya mama. Akatikisa kichwa kwa heshima.

"Na hayo maji mnamwaga kila siku?"

"Tunaongeza," nilimjibu.

Hakunikemea. Akawa anamfunga tetere ndani ya gazeti polepole, na mimi ndipo nilipoanza kuelewa. Alinieleza kwamba ni vimelea, vidogo mno, hakionekani hata kimoja ila kwa hadubini, vinaishi kwenye mate na koo la njiwa na jamaa zake. Aliyeugua hawezi kumeza. Anaokota punje, anairudisha na ute wake, inaangukia majini. Anakuja mwingine mzima, anakunywa, naye anaondoka navyo. Mzazi anamlisha kinda mdomo kwa mdomo, kinda anapata. Hata mwewe akimkamata tetere mgonjwa kwa sababu ndiye rahisi kukamatika, naye huugua. Alisema ni hivyo kwa wanyama wote wa porini, hata paa wa machakani: wakitawanyika kila mmoja anabeba kupe wake, wakikusanywa mahali pamoja na mtu mwenye huruma wanagawana. Vimelea hivi haviwapati watu, ila nisiguse ndege aliyekufa kwa mkono mtupu, kwa sababu kuna magonjwa mengine yanayotupata. Yeye angeijulisha ofisi ya mifugo ili wapime, isije ikawa yeye amekosea.

Nikamwomba dawa ya kutia majini. Akasema dawa ipo kwa njiwa wa kufugwa, unampa kila mmoja kwa uzito wake. Wa mwituni huwezi kujua nani amekunywa nyingi na nani hakunywa. Dawa yao ni jua. Vimelea havipendi ukavu. Tumwage maji, tusugue karai, tuliache likauke kabisa, tusiweke maji wala mtama kwa wiki kadhaa mpaka ndege watawanyike na wagonjwa waishe.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekumbatia mkebe mtupu. Nilikuwa nimepata nilichokwenda kukitafuta, uthibitisho kwamba si mimi. Kilichobaki sasa ni kumwambia mama kwamba ni yeye. Njia nzima nilitafuta namna ya kulizunguka jambo hilo na sikuipata. Ningeweza kusema ni upepo, ni joto, ni mambo ya Mungu. Mama angekubali na angeendelea kuongeza maji. Niliamua nitamwambia siku hiyo hiyo, kabla sijavua buibui.

Nilimweleza vizuri. Nilianza na koo, nikaja kwenye mate, nikaishia kwenye karai. Alinisikiliza hadi mwisho, tasbihi imesimama kati ya vidole. Halafu akasema mai hayana dhambi. Nikamwambia si maji, ni kilichomo. Akasema kilichomo ni sadaka. Nikamwambia basi tuwapumzishe wiki chache tu.

"Na walio wagonjwa ndio watakao mai zaidi," akasema. "Watwambia tuwafungie?"

Lilikuwa swali la haki. Akainuka kwenda kutawadha. Nikaenda nikalimwaga karai mwenyewe, nikalisugua, nikaliegemeza ukutani juani. Asubuhi ya pili nilipoamka lilikuwa mahali pake, limejaa pomoni, na tetere wameshafika.

Ukaidi wangu sikuuokota barabarani, niliurithi kwake. Nilimwaga, akajaza. Nikalichukua karai nikalifungia chumbani kwangu chini ya cherehani; akatoa sufuria ya pilau, ile kubwa ya shughuli, akaiweka chini ya mti. Nikaifunikiza sufuria, akaleta sinia. Tulikuwa wanawake wawili wazima tunaofukuzana na vyombo uani, bila kusemeshana, na maji ya kuoga yakatuishia ndani ya nyumba. Mwenye mkokoteni alituuliza kama tuna wageni. Na kila asubuhi, katikati ya vita vyetu, nilivaa glavu nikaokota waliokufa, nikachimba shimo refu la kutosha kunguru na paka wasiwafukue. Mama aliniona nikizika. Aligeuza uso, lakini aliniona.

Siku moja nikiwa nachimba nilijiuliza kwa nini mtu mwenye huruma kama yule hashawishiki. Nikatazama nilipokuwa na nikatazama alipokuwa. Mimi nilikuwa chini ya mti. Yeye alikuwa barazani, mbali, na jicho lake moja lina mtoto wa jicho na la pili si zima. Kutoka pale alichoweza kuona ni vichwa vinavyoinama majini. Ndege anayekunywa anainamisha kichwa, na ndege anayetema anainamisha kichwa. Mama alikuwa akiwaona wote wanakunywa.

Niliingia ndani nikachukua kipande cha kitambaa cha kanzu, kizuri, cha mteja niliyekuwa nimemkatia tayari mikono, nikakitoboa tundu katikati kwa mkasi. Moyo uliniuma kukitia mkasi, lakini niliukaza. Nikakitundika kambani mbele ya karai, karibu kabisa, kiwe pazia. Nikarudisha maji na mtama kama yeye alivyopenda. Nikatandika mkeka nyuma ya kitambaa, nikaenda barazani nikamwambia nimeshindwa, nimemrudishia karai lake, ila namwomba kitu kimoja, aje akae karibu nalo nami asubuhi hiyo moja. Alinitazama kwa shaka. Halafu akafunga leso yake vizuri akaja.

Tulikaa bega kwa bega bila kupumua sana. Yeye alikuwa kwenye tundu. Walishuka wawili, watatu, wakanywa, wakaruka. Nikaona uso wake unaanza kulegea, nikaogopa kwamba nimejitegea mtego mwenyewe. Kisha akashuka mmoja aliyejifutua, shingo imevimba upande mmoja. Akaokota punje. Akaigeuza. Akainyoosha shingo, akafumba macho, punje ikamtoka na uzi mrefu wa ute, ikadondoka ndani ya karai. Akaifuata majini kwa mdomo, akaipata, ikamtoka tena. Ubavuni mwake mwingine alikuwa akinywa, mdomo wake ukiwa mahali pale pale ute ulipoelea, mzima, mwenye shingo ya kung'aa.

Mama alipitisha mkono kwenye tundu la kitambaa, kama anayetaka kumsaidia mtoto kula, na wote wakaruka isipokuwa yule mgonjwa.

"Hamezi," akasema.

Aliinuka kwa kushika bega langu, akazunguka pazia, akalishika karai kwa mikono miwili na kulimwaga. Yule mwanamke aliyenifundisha kunawa kwa kata moja alimwaga maji yote chini, yakakimbia hadi ukutani. Alibaki akiyatazama yakinyonywa na mchanga.

"Na ya nyuma?" akaniuliza. "Yale yote niliyokuwa nikimpelekea mwanangu. Yamemfikia yakiwa nini?"

Nikamwambia alinuia kheri, na Mungu anaijua nia yake kuliko sisi.

"Nilinuia," akasema. "Lakini tetere hakunwa nia, mwanangu. Alikunwa mai."

Nilimshika mkono. Alilia pale pale, akiwa amesimama, na karai limening'inia mkononi, na mimi nililia kwa sababu nilikuwa nimeshinda.

Baada ya hapo aliyefanya kazi ngumu si mimi. Tetere hawakujua kwamba kumeamuliwa jambo. Walikuja kwa saa yao, wakapanga mstari kambani, wakatazama chini mahali palipokuwa na karai. Wakashuka wakatembea pale, wakidonoa mchanga. Mimi ningewaacha wachoke wenyewe. Mama alikataa. Alisema wakizoea kungoja watangoja pamoja, na wakingoja pamoja wataambukizana. Aliyewaita ndiye apasaye kuwaondoa. Basi alitoa kiti kutoka barazani akakaa chini ya mwarobaini na ufagio wa njukuti za mnazi, na kila waliposhuka aliinuka, na magoti yake yale, akawafukuza. Aliwaambia waende zao, waende mbali, kila mmoja na njia yake. Alisema hivyo kwa upole na machozi yakimtoka, huku akiupiga ufagio chini kwa nguvu. Niliyatazama hayo kutoka kwenye cherehani siku baada ya siku na nikashindwa kushona mshono ulionyooka.

Jirani nilimwendea mwenyewe. Nilimweleza yote juu ya ukuta, na nilipofika kwenye karai nilisema karai letu, sikusema la mama. Akawafungia njiwa wake, akaenda kwa yule daktari, akawapa dawa mmoja mmoja kama alivyoelekezwa, akawa anaosha vyombo vyao na kuvianika. Waliopona ni wachache. Hakuniomba radhi kwa maneno, na mimi sikumdai. Siku moja alirudi kutoka timboni na jiwe la kukwaruzia, akanipitishia juu ya ukuta akisema hilo husugua vizuri kuliko brashi. Ofisi ya mifugo nao walijibu kupitia kwa daktari kwamba ni ule ule ugonjwa wa koo, hakuna kingine.

Mvua za masika zikaanza. Kukawa na madimbwi kila mahali, na juu ya mapaa, na kwenye majani. Mama alitoa mkono nje ya baraza akasema Mungu amewanywesha mwenyewe. Ufagio akauweka pembeni. Hatukuokota tena ndege aliyekufa chini ya mti, wala jirani hakuokota kwake, na ule mwarobaini ukawa kimya. Kanzu zangu zilikauka nyeupe kabisa. Nilikuwa nimezitaka hivyo miaka yote, na sasa nilizitoa kambani bila furaha yoyote.

Mvua zilipokatika, mama alisema anataka kulirudisha karai. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi lakini yeye alikuwa ameshapanga kila kitu. Alikuwa amemtuma mwenye mkokoteni amletee karai la pili. Moja litakuwa kazini na moja litakuwa juani, likikauka mpaka chuma kiunguze mkono, na kila kukicha yatabadilishana. Maji ya jana yatamwagwa yote kwenye shina la mkomamanga wetu wa uani. Mtama utatupwa mbali, mkavu, kidogo kidogo, usikaribie maji. Na karai litakuwa karibu na baraza, hatua chache tu kutoka kiti chake, ambapo jicho lake linafika.

Nikalibeba karai la kaka nikaliweka juu ya matofali. Nikamletea mtungi. Hakuushika.

"Tia wewe," akaniambia.

Nikasema ni sadaka yake, mkono uwe wake.

"Nimekwambia tia wewe. Nimeiona mikono hiyo ikiwazika. Tia, kisha unuie."

Nilitia maji. Nilinuia, na ni nani niliyemnuia si jambo la kuandika.

Hakuja ndege. Siku ile hakuja hata shomoro. Jioni maji yalikuwa vile vile, na asubuhi mama akaniambia niyamwage. Nikamwambia mama, haya hayajaguswa, na mitungi tunainunua. Akasema nimwage. Nikamwaga, nikasugua kwa jiwe la jirani, nikaanika, nikatia mengine kwenye karai la pili. Siku ya pili vile vile, na iliyofuata. Tulikuwa tumewafukuza vizuri mno. Watu wakapita wakatuona tukimwagia mkomamanga maji masafi ambayo hakuna kiumbe aliyeyanywa, na najua walichosema. Mama hakujali, na mimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nilikaidi pamoja naye badala ya kumkaidi.

Kisha asubuhi moja nilikuwa napiga pasi, nikasikia ameacha kuhesabu tasbihi. Nikatoka polepole. Tetere mmoja alikuwa kwenye kamba. Alishuka chini, akatembea kando ya ukuta, akaupata mtama. Akaokota punje moja, na mama akauinua mkono wake kunizuia, ingawa sikuwa nimesogea. Tetere akainyoosha shingo. Punje haikurudi. Akaruka hadi ukingoni mwa karai, akainamisha kichwa, akanywa muda mrefu.

Nilimtazama mama. Miaka yote ile, ndege akinywa, ulimi wake ulimtaja mwanawe. Safari hii hakumtaja. Alikuwa ameegemea mbele kwenye kiti, jicho lake lenye nafuu limekazwa kwenye koo la yule ndege.

"Amemeza," akasema.